Umri wa Lori ni Umri wa Injini

MAONI YETU

Kichwa cha lori kimetoka kiwandani mwaka 2016. Rangi haijapata mkwaruzo na kiti cha dereva bado kina nailoni. Ukifungua boneti unakuta injini iliyoundwa mwaka 1999. Hilo ni lori la mwaka gani?

Nchini Marekani swali hilo limezua kesi na ugomvi mkubwa kati ya viwanda vya malori vyenyewe kwa vyenyewe. Jibu letu ni jepesi. Hilo ni lori la mwaka 1999, kwa sababu moshi hutoka kwenye injini na hautoki kwenye kabini. Sheria ya hewa inayosoma mwaka wa chesisi na kuisahau injini itachezewa na wajanja, na hasara itaangukia mapafu ya watu ambao hawakuwamo katika biashara hiyo.

Tuanze na mambo yenyewe yalivyo. Kwa miaka mingi viwanda vya Marekani vimekuwa vikiuza lori nusu: chesisi, kabini, ekseli ya mbele, usukani na nyaya, bila injini wala giaboksi, na mara nyingi bila ekseli ya nyuma. Wenyewe huliita glaida. Lilianza kwa nia njema. Mtu mwenye lori lake moja akipata ajali, kabini ikakunjamana na injini ikasalimika, alinunua glaida, akahamishia injini na giaboksi yake mwenyewe, akarudi barabarani bila kufilisika. Kwa makadirio ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, kabla ya mwaka 2010 malori ya namna hiyo hayakufika 1,000 kwa mwaka. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelipigia kelele jambo hilo.

Kilichobadilisha biashara ni sheria za moshi. Kuanzia mwaka 2007 injini mpya za malori makubwa zilitakiwa zisitoe masizi zaidi ya gramu 0.01 kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa moja. Kufikia mwaka 2010 kiwango cha oksidi za nitrojeni nacho kilishushwa hadi gramu 0.20. Injini za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimeruhusiwa gramu 4. Pengo hilo ni mara 20.

Ili kulifikia lengo hilo wahandisi walifunga chujio la masizi kwenye bomba la moshi, wakarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako, kisha wakaongeza mfumo unaonyunyizia maji ya urea kuvunja oksidi za nitrojeni kabla hazijatoka nje. Serikali nayo ilishusha salfa katika dizeli ya barabarani hadi sehemu 15 kwa milioni kuanzia mwaka 2006, kutoka 500, kwa kuwa salfa nyingi huharibu vifaa hivyo. Kazi hiyo ilifaulu, na kwa lori lililotunzwa vizuri moshi mweusi umekuwa kitu cha kusimuliwa.

Lakini vifaa hivyo ni ghali, vina vihisi vingi, na katika miaka ya mwanzo vilisumbua sana. Hapo ndipo wafanyabiashara walipoona mwanya. Glaida jipya liliweza kufungwa injini ya zamani iliyofunguliwa, ikabadilishwa pistoni, ringi na beringi, ikafungwa upya. Kwa kuwa injini ilihesabiwa kuwa ya zamani, ilibaki chini ya viwango vya mwaka ilipoundwa. Lori likatoka jipya kwa macho na la zamani kwa sheria. Injini zilizopendwa zaidi ni zile za kabla ya Oktoba 2002, pale mfumo wa kurudisha moshi ulipoanza kuingia kwa wingi: Detroit Series 60, Caterpillar za mfululizo wa C15 na nyinginezo za rika hilo. Bei ilikuwa chini kwa takribani robo ukilinganisha na lori jipya kamili. Hakuna chujio, hakuna urea.

Biashara ikavimba. EPA ilikadiria kwamba kufikia mwaka 2015 glaida zaidi ya 10,000 ziliuzwa kwa mwaka mmoja, nyingi zikitoka katika karakana za jimbo la Tennessee, ambako kampuni ya Fitzgerald ilikuwa kinara. Ongezeko la zaidi ya mara kumi ndani ya miaka michache haliwezi kuelezwa kwa ajali za barabarani. Kilichokuwa kikinunuliwa ni ruhusa ya kutoa moshi wa zamani.

Injini hizo zina historia inayostahili kukumbushwa. Mwaka 1998 viwanda saba vya injini, vikiwemo Caterpillar, Cummins, Detroit Diesel, Mack na Volvo, vilikubaliana na serikali ya Marekani baada ya kushtakiwa kwamba viliuza injini milioni 1.3 zilizopangwa kudanganya vipimo. Kompyuta ya injini ilijua inapopimwa na ikatii. Lori lilipofika barabara kuu likatembea kwa mwendo wa sawasawa, kompyuta ilibadilisha mpangilio ili kuokoa mafuta, na oksidi za nitrojeni zikapanda. Faini ilikuwa dola milioni 83.4, na viwanda vikakubali kutimiza viwango vipya kabla ya wakati, yaani Oktoba 2002. Hivyo injini zilizokuwa zikifufuliwa na kuuzwa ndani ya kabini mpya ni za kipindi kilekile ambacho taifa lilikwishalipia gharama kubwa kukifunga.

Madhara yake yamepimwa. Novemba 2017 maabara ya EPA iliyoko Ann Arbor, Michigan, ilipima glaida mbili na kuzilinganisha na malori ya kawaida ya mwaka 2014 na 2015. Katika mwendo wa barabara kuu glaida zilitoa oksidi za nitrojeni takribani mara 43 na masizi takribani mara 55. Kabla ya hapo shirika hilo lilikuwa limekadiria kwamba biashara ikiachwa iendelee, kufikia mwaka 2025 glaida zingekuwa asilimia 5 tu ya vichwa vya malori nchini humo, na bado zingetoa karibu theluthi moja ya oksidi za nitrojeni na masizi ya vichwa vyote. Lilikadiria pia kwamba glaida 10,000 za mwaka mmoja, katika maisha yake yote ya kazi, zingeweza kusababisha vifo vya mapema hadi 1,600.

Masizi ya dizeli hayahitaji utetezi wala ushairi. Juni 2012 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chembechembe zake ni ndogo kiasi cha kupita koo na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Oksidi za nitrojeni zikipigwa na jua huzaa ozoni ya chini inayowakaba wenye pumu. Wa kwanza kuvuta hewa hiyo ni dereva mwenyewe, utingo wake, fundi na mama anayeuza chakula kando ya maegesho ya malori.

Serikali ya Marekani ilipochukua hatua mwaka 2016, ilifanya kazi ya busara. Haikupiga marufuku glaida. Ilisema kuanzia Januari 2018 lori jipya lifungwe injini inayokidhi viwango vya mwaka lori linapounganishwa. Mwenye injini ambayo haijapita umri wake wa kazi aliachiwa nafasi ya kuihamisha, na hivyo yule wa ajali akabaki na haki yake ya zamani. Karakana ndogo nazo ziliruhusiwa kuendelea na injini za zamani kwa idadi isiyozidi 300 kwa mwaka, au chini ya hapo kulingana na kiasi zilichokuwa zikiunda kabla. Ukarabati ulilindwa na kiwanda cha kukwepa sheria kikafungwa. Hivyo ndivyo sheria nzuri inavyoandikwa.

Yaliyofuata yanatia uchungu. Novemba 2017, mwezi uleule ambao maabara yake ilikuwa ikiandika matokeo tuliyoyataja, EPA chini ya Scott Pruitt ilipendekeza kuifuta sheria hiyo, ikidai kwamba lori lenye injini ya zamani si gari jipya na hivyo halimo mikononi mwake. Watetezi wa pendekezo hilo waliegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee Tech uliodai kwamba glaida hazizidi malori mapya kwa uchafu. Utafiti huo uligharamiwa na Fitzgerald yenyewe. Wahadhiri wa chuo hicho walilalamika, na mwanzoni mwa mwaka 2018 chuo kiliiomba EPA isiutumie mpaka uchunguzi wa ndani ukamilike.

Julai 6, 2018, siku ya mwisho ya Pruitt ofisini, shirika lilitangaza kwamba halitazichukulia hatua karakana zitakazovuka idadi ya 300. Mashirika ya mazingira yalikwenda mahakamani. Julai 18 mahakama ya rufani ya Washington ilizuia tangazo hilo kwa muda, na Julai 26 Andrew Wheeler, aliyemrithi Pruitt, akaliondoa. Pendekezo la kuifuta sheria halikuwahi kukamilishwa.

Inafaa kutazama ni nani alisimama upande gani. Volvo, Cummins na Navistar waliandika kwa pamoja kupinga kufutwa kwa sheria. Hao si wanaharakati. Ni wafanyabiashara waliokuwa wametumia fedha nyingi kutengeneza injini safi, kisha wakajikuta wakishindana sokoni na mtu anayeuza ile chafu ndani ya kabini mpya. Serikali inapoacha mwanya, inamwadhibu aliyetii na kumtuza aliyekwepa. Mwekezaji akishaona hivyo, mara nyingine hatatii.

Tunajua hoja za upande wa pili na tunaziheshimu. Mwenye lori moja hana karakana ya kampuni wala lori la akiba. Chujio likiziba njiani, au kihisi cha urea kikatoa taarifa ya uongo, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na lori likatambaa. Mzigo unachelewa, mteja anakasirika, na kifaa cha kusoma hitilafu kiko kwa wakala umbali wa kilomita mia kadhaa. Injini ya mwaka 1999 fundi yeyote mzoefu anaifungua kwa spana. Mtu anayelipa mkopo wa lori na karo za watoto hawezi kulaumiwa kwa kutamani kitu anachokielewa.

Wengine husema kufufua injini ni kuokoa chuma kilichokwisha kuyeyushwa. Ni kweli chuma huokolewa. Lakini injini ya lori huyeyushwa mara moja na huchoma dizeli kwa maelfu ya saa. Faida ya siku moja kiwandani haifuti moshi wa miaka ishirini barabarani.

Malalamiko ya dereva yana dawa yake, na dawa hiyo haimo katika injini ya zamani. Agosti 2025 EPA iliwataka watengenezaji warekebishe programu za magari yanayotumia urea ili hitilafu ya mfumo huo isilipokonye lori nguvu ghafla, na ikasema malori mapya ya dizeli kuanzia ya mwaka 2027 yaundwe kwa namna hiyo. Hiyo ndiyo njia. Kifaa kinachosumbua kirekebishwe. Fundi wa mtaani apewe vitabu, programu na vipuri kwa bei inayolipika. Dhamana iwe ndefu ya kutosha kumfanya mtengenezaji abebe hasara ya kifaa chake kibovu. Aliyeuza chujio linaloziba ndiye anayepaswa kulipa, asiwe jirani anayeishi kando ya barabara kuu.

Tunasema hayo tukijua kwamba hali ya Marekani haijatulia. Desemba 2022 ilipitishwa sheria ya kushusha oksidi za nitrojeni hadi gramu 0.035 kwa injini za kuanzia mwaka 2027, na Machi 2025 EPA ilitangaza kuipitia upya. Kila kiwango kinapokazwa, thamani ya injini ya zamani hupanda. Mwaka 2020 shirika hilohilo lilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 500,000 za dizeli zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kusafishia moshi katika muda wa miaka kumi. Ujanja ni uleule. Mmoja anaweka injini ya zamani ndani ya gari jipya, mwingine analigeuza gari jipya kuwa la zamani kwa kuling'oa chujio.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Vichwa vya Freightliner na International vilivyokwisha kufanya kazi Marekani si vigeni katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Kinachouzwa huko kama lori la mwaka fulani hufika hapa kama lori la mwaka huo, na mnunuzi hutazama kabini, maili na bei. Je, ofisi zetu zinatazama nini?

Kwa sehemu kubwa zinatazama mwaka. Kenya kwa muda mrefu imekataa magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8. Tanzania huyatoza magari chakavu ushuru wa ziada kulingana na umri. Kanuni hizi zina faida, na hatusemi zifutwe. Lakini umri unaohesabiwa ni wa gari, na kama Marekani yenyewe, yenye maabara na mahakama zake, iliachwa ikihangaika miaka kadhaa na kabini za 2016 zenye roho ya 1999, sisi tunaotegemea karatasi pekee tuko wazi zaidi.

Tumekwisha kuchukua hatua moja kubwa ambayo haisemwi vya kutosha. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Wananchi wanalipia mafuta hayo safi kila wanapopanda basi na kila wanapobebewa saruji. Lakini mafuta safi ndani ya injini isiyo na chujio hutoa sehemu ndogo tu ya faida iliyokusudiwa. Tumenunua nusu ya dawa. Nusu iliyobaki ni kuhakikisha kwamba injini inayochoma mafuta hayo ina vifaa vyake, na kwamba vifaa hivyo havijakatwa gereji na bomba tupu kuchomelewa mahali pake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe katika jambo hili ni wodi za magonjwa ya kifua.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, lori lolote linaloingizwa nchini lihesabiwe umri kwa mwaka wa injini yake pale injini inapokuwa na umri mkubwa kuliko chesisi. Namba ya injini tayari imo katika kadi ya gari Tanzania na katika kitabu cha usajili Kenya. Inatakiwa tu isomwe, ilinganishwe na rekodi za mtengenezaji, na mwaka wake uandikwe kando yake.

Pili, ukaguzi wa kila mwaka upime moshi kwa kifaa na umtake mkaguzi aingie chini ya lori. Chujio na mfumo wa urea viwepo kama lori lilitoka navyo kiwandani, na viwe vinafanya kazi. Kukagua taa na tairi ni lazima, na moshi uwekwe katika daraja hilohilo. Kazi hii ianzie kwenye njia kuu za mizigo ambako malori hujipanga foleni kwa saa nyingi injini zikinguruma: Tunduma, Malaba, Mariakani.

Tatu, mwenye lori anayehamisha injini yake baada ya ajali aachwe afanye hivyo bila usumbufu. Ruhusa hiyo iandikwe kwa idadi na kwa sharti: injini ni yake, haijapita umri wa kazi, na hairudishi lori katika kiwango cha chini kuliko kilichoandikwa kwenye kadi. Kilichoiponza Marekani ni ruhusa njema isiyokuwa na kipimo. Sisi tuna nafasi ya kuweka kipimo mapema.

Nne, vyuo vya ufundi vifundishe vifaa hivi kwa vitendo. Fundi akijua kusafisha chujio, hatakimbilia kulikata. Na wauzaji wa malori mapya walazimike kuuza vipuri na programu za kupimia hitilafu kwa gereji huru, kwa masharti sawa na wanayojipa wao.

Kuna somo la tano ambalo ni la watawala peke yao. Takwimu za moshi zitoke kwenye maabara ya umma, na kila utafiti useme mwanzoni kabisa ni nani ameugharamia. Nchini Marekani utafiti uliolipiwa na muuzaji ulikaribia kuibeba sheria ya taifa zima, na ukazuiwa kwa sababu wahadhiri walithubutu kusema na maabara ya serikali ilithubutu kupima. Hapa kwetu maabara za namna hiyo ni chache, na bajeti ya kuziongeza ni ndogo kuliko fedha zinazotumika kutibu watu.

Mabunge yetu, mamlaka za viwango na wizara za uchukuzi zina kazi ambayo haihitaji tume wala safari ya mafunzo. Zianze na mstari mmoja katika kanuni za uingizaji wa malori: mwaka wa lori ni mwaka wa injini yake, au wa chesisi, uchukuliwe ule wa zamani zaidi. Mstari huo ukiandikwa leo, muuzaji atajua mapema asilete nini, mnunuzi atajua analipia nini, na dereva hatalaumiwa kwa kosa la aliyemuuzia. Ukicheleweshwa, tutauandika baadaye tukiwa na maelfu ya malori ya namna hiyo barabarani na wenyewe wakidai fidia.